Taa ya Mlango wa Kilimani

Watu wanadhani fundi wa redio anaogopa radi. Mimi naogopa taa ndogo kwenye kompyuta, inayoniambia mlango wa chumba cha mtambo umefunguliwa au umefungwa.

Studio yetu iko Makambako, lakini mtambo unaorusha matangazo uko juu ya kilima, ng'ambo ya Njombe. Aliyekuwa akiuwasha alfajiri na kuuzima usiku ni baba yangu mzazi, anayeishi kwenye kibanda jirani na mtambo. Kifua chake kikaanza kumsumbua. Daktari akamkataza kutoka nje kwenye baridi ya alfajiri, na kwa kuwa mzee hasikii la mtu, nikaamua kumtoa kazini kwa nyaya.

Nilipanda na kisanduku changu cha kuongozea mtambo kutoka studio, nikakiunganisha nyuma yake: waya wa kuwasha, wa kuzima, wa kupima nguvu, wa kupima joto. Wa mwisho nikaupeleka mlangoni, kwa ajili ya wezi wa betri. Baba alisimama akininyooshea bisibisi, kanuna.

"Kwa hiyo sasa nakuwa mlinzi wa kitu kinachojilinda," akasema.

"Baba, nataka ulale mpaka jua litoke. Basi!"

Nilikuwa mkali, ndiyo. Njoo Makambako, hataki, eti vumbi. Vaa koti, hataki. Ungefanyaje?

Kazi ilikubali. Nikiwa mezani kwangu nawasha, nazima, nasoma joto. Ila kila asubuhi, jua likishapanda, taa ya mlango ilikuwa inatoka kijani na kugeuka nyekundu: mlango umefunguliwa. Si mwizi. Ni baba kaingia kuota ile hewa ya moto inayotoka nyuma ya mtambo, kama alivyozoea miaka yote. Nikaacha kumgombeza. Nikiona nyekundu najua mzee kaamka, nakunywa chai yangu kwa amani.

Halafu ikaja asubuhi moja ya Julai, ukungu umefunga hata huku kwetu, na taa ikabaki kijani. Nikasema kachelewa. Chai ikapoa. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikampigia mama jirani anayelima viazi chini ya kilima, naye alikuwa keshafika sokoni Njombe. Nikamwona akilini baba kalala chini, pembeni ya kitanda, na mimi huku nasoma joto la mashine, nyuzi kwa nyuzi, wakati joto la mwili wake silijui.

Saa nne mtangazaji akaanza kusoma matangazo ya vifo. Hapo ndipo wazo likaja. Baba hazimi redio yake, hata akilala. Ikinyamaza, kama ana pumzi, atainuka. Na kama hatainuka? Liwalo na liwe, nikabonyeza kuzima.

Meneja aliingia mbio. "Nani kazima? Watu wana misiba yao!"

"Mimi."

"Una wazimu?"

"Nina baba," nikamjibu, na sikumtazama. Nilipomweleza maana ya ile taa ya kijani, akavuta kiti akakaa. Tukaitazama wote. Nilisali sala zote ninazozijua, nikazichanganya.

Ikageuka nyekundu.

Sikuamini mpaka nilipoona nguvu ya mtambo inapanda yenyewe, bila mimi kugusa kitu. Mzee kauwasha kwa mkono wake. Mara simu yangu ikalia, ni baba; kumbe yake alikuwa kaiacha mle kwenye chumba cha mtambo ikichaji tangu jana.

"We mama, mashine yako ilikufa," akasema, akakohoa vibaya, kikohozi kirefu.

"Baba! Unaumwa? Mbona hukuamka?"

"Kifua. Tangu usiku sijaweza kuinuka. Nikasema leo nijilalie tu, mambo yaishe. Redio ikanyamaza." Akavuta pumzi. "Nikaona, sasa nikifa leo, tangazo langu litapita wapi?"

Nilicheka huku machozi yananichuruzika. Nikamwambia akae palepale kwenye joto, asithubutu kutoka, ninakuja na gari kumpeleka hospitali. Meneja alikuwa tayari ananyanyua funguo zake.

"Njoo, lakini acha kelele," baba akasema, na redio aliyokuja nayo ikisikika nyuma yake. "Wanarudia lile tangazo, sijasikia nani kafa."

Akakata simu.