Karamu ya Tiki Ishirini

Madam Pauline Nekesa alizaliwa Misikhu, na ulimi wake haujawahi kuamua kama l na r ni herufi mbili au moja. Kwa mwalimu wa hesabu, hiyo si shida. Kwa mshauri wa wanafunzi katika shule ya kutwa nje ya Kitale, mwaka wa 2006, ilimgharimu majogoo wawili.

Aliyemuumiza kichwa ni Chepngeno wa kidato cha kwanza. Ukiuliza swali, Chepngeno ashajibu kabla hujalimaliza, ashasimama, ashahamia dawati la mwenzake. Viboko vilikuwa vimepigwa marufuku, ingawa walimu wengine ni kama hawakupata habari. Walimchapa, akalia dakika mbili, akaendelea pale alipoachia. Mwishowe mwalimu mkuu, Bwana Gichuki, akasema asipobadilika mwezi huo ukiisha, aende nyumbani kabisa.

Pauline alikuwa ametoka semina Bungoma, alikoambiwa kuna vijana ambao si wakaidi, ni breki tu zinachelewa kushika. Usipigane na makosa yote: chagua tabia moja, ihesabu, wapongeze upesi, na ulichoahidi ukitoe. Wazazi nao washirikishwe. Barua tatu aliwaandikia wa Chepngeno. Kimya. Nani hukimbilia kuitwa shuleni kuaibishwa?

Akachagua kuinua mkono kabla ya kusema.

"Kila ukiinua, napiga tiki. Ukifikisha ishirini kufikia Ijumaa, nakupa karamu."

"Karamu, madam? Mimi?"

"Wewe. Tena ya bluu."

Ijumaa saa tisa, tiki zilikuwa ishirini na mbili. Pauline ameshika biro yake tayari, mlango ukabishwa. Ni Chepngeno, nyuma yake baba yake, Kipketer, ndani ya koti la kanisani, na mama yake, Jepkoech, na kibuyu cha maziwa lala.

"Tumekuja karamu," Kipketer akasema.

"Karamu si hii?" Pauline akainua biro.

"Hiyo ni kalamu."

"Si ndio nasema, mzee. Karamu!"

"Madam, mimi sikuacha kupalilia mahindi nije kula biro."

Bwana Gichuki, mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Chepngeno hakucheka. Alikuwa anaiangalia ile karatasi ya tiki kama mtu aliyeuziwa gunia la mawe. Pauline akaona: akiondoka na biro, hatainua mkono tena, na mwezi umebaki siku tisa. Akatuma mtu nyumbani kwake akachinje majogoo wawili.

Walikula katika ofisi ya walimu. Kipketer akaigeuza karatasi juu chini.

"Hizi zote ni zake? Na mlimchapa mara ngapi?"

"Wiki hii? Hata mara moja."

Kipketer akatafuna. "Sasa nyumbani tunafanyaje? Maana huyu haoshi vyombo, hafungi zizi, anapigana na dada yake, anasahau—"

"Moja, mzee."

"Moja tu? Bana, ziko kumi na moja!"

"Moja."

Mabishano yakaendelea hadi kuku akaisha. Jepkoech ndiye aliyekata shauri: kufunga zizi, kwa sababu ndama walikuwa wanamaliza sukuma wiki shambani kwa jirani. Bwana Gichuki akajifuta mikono, akamwambia Chepngeno aje Jumatatu, na mwezi ukiisha aje tu. Wataangalia tena muhula ujao, nyumbani wakihesabu na shule ikihesabu.

"Na wewe, Baba Chepngeno," Jepkoech akauliza, "uliyebishana muda wote bila kuinua mkono, nani atakupigia tiki?"