Shemeji Alivyomziba Baba Mdomo

Shemeji yangu alimziba baba yangu mdomo, na wakati huo Baba alikuwa ameshakufa miaka mingi.

Usiulize ilikuwaje. Kaa nikueleze.

Shemeji huyu ndiye aliyemuoa mdogo wangu wa kike. Jina lake tuwaachie waliompa, sisi tunamwita Bwana Wingu, kwa sababu kwake kila kitu lazima kiwekwe kwenye wingu huko mtandaoni. Picha, wingu. Muziki, wingu. Nadhani hata akili yake aliipandisha huko na hajaishusha mpaka leo.

Ni mtu wa simu mbili na maneno mengi.

Akija kwa Mama, cha kwanza ni kuitazama deki ya kaseti za video na kucheka kwa pua.

"Shem, dunia imehama," ananiambia. "Nyinyi bado mnapangusa vumbi kwenye makaseti. Mimi nina filamu kibao na sina kasha hata moja ndani."

Basi siku moja tulikuwa kwake, akataka kutuonyesha filamu aliyoinunua mtandaoni. Akatafuta. Akazima, akawasha, akatafuta tena. Haipo.

"Si ulisema umenunua?" nikamuuliza.

"Nimenunua. Ila mkataba wao na wenye filamu umeisha."

Yaani mtu amenunua kitu, mwenye duka amemfuata nyumbani kukichukua, na yeye anamtetea. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini mwenzetu alikuwa anatembea nayo kifua mbele.

Sasa tuje kwenye kaseti ya Mama.

Macho ya Mama yameingia ukungu. Anaona mwanga na vivuli, sura ya mtu haioni. Lakini kila Jumapili, vyombo vikishaoshwa, alikuwa anasogeza kiti hadi ilipo deki, anaweka kiganja juu yake na kuniambia, "Niwekee."

Ni kaseti ya harusi yao. Alikuwa haangalii, anasikiliza. Deki ikianza kupata moto chini ya mkono wake, anajua mkanda unakwenda. Anangoja Baba asimame kutoa shukrani. Maneno yale machache ndiyo sauti pekee ya Baba iliyobaki duniani.

Deki ilikuwa imeanza kutafuna mikanda, sikatai. Hapo ndipo Bwana Wingu alipopata pa kuingilia.

"Mama, nipe hiyo kaseti niihamishie kwenye wingu," akasema kwa ile sauti yake ya unyenyekevu. "Haitachakaa tena. Popote ulipo, utamsikiliza Baba."

Mkwe akikuomba kwa adabu namna ile, utamkatalia vipi? Mama akampa.

Nikamvuta mdogo wangu pembeni. "Mwambie mumeo akimaliza arudishe kaseti."

"Dada nawe, kwani ataila?"

Siku zikapita. Jumapili moja nafika kwa Mama, nakuta televisheni mpya, pana, imefungwa ukutani. Zawadi ya shemeji, naye yupo hapo na mdogo wangu. Nikaisifia, mimi si mchoyo wa sifa. Halafu macho yakashuka kwenye meza.

Tupu.

"Deki iko wapi?"

"Shem, ya nini kurundika makopo? Nilipita juzi nikaibeba, nikaitupa pamoja na kaseti zake, na ile ya harusi. Gari la taka limeshapita."

Alisema vile kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Nikameza mate, kwa sababu Mama alikuwa ameshasogeza kiti na uso wake ulikuwa na furaha.

Bwana Wingu akabonyeza, picha ikatokea. Safi kweli. Ukumbi ule, maua ya karatasi, shangazi zangu enzi hizo wana viuno. Akaisogeza mbele mpaka pale pa shukrani. Baba na suti iliyomzidi mabega, kashika kipaza sauti. Akafungua mdomo.

Kimya.

"Ongeza sauti," mdogo wangu akasema.

"Imefika mwisho."

"Bado hajasimama?" Mama akauliza.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo, nikayasoma kwa sauti ili kila mtu asikie: "Sauti imeondolewa kwa sababu ya hakimiliki."

Unajua kilichotokea? Wakati Baba anazungumza, nyuma kulikuwa na wimbo unapigwa kwa chini, kama inavyokuwa harusini. Mtambo wa huko kwenye wingu ukautambua ule wimbo, ukaona hatuna kibali chake, ukafuta sauti yote. Wimbo, vigelegele na Baba.

"Na nakala ya kwenye kompyuta yako?" nikamuuliza shemeji.

"Niliifuta. Ilikuwa inakula nafasi."

"Na kabla ya kutupa kaseti, uliisikiliza hii?"

"Nilichungulia mwanzo. Picha ilikuwa safi."

Picha. Kwa ajili ya mwanamke asiyeona.

Nilikuwa na matusi ya kutosha ukoo wake wote, na mengine ya akiba. Nilishafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Nyamaza, mwanangu," akaniambia. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Irudishe aliposimama. Uniambie anafanya nini."

Mdogo wangu akapangusa macho. "Amesimama, Mama. Ameshika kipaza sauti."

Mama akasafisha koo.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi ni seremala, maneno yangu ni urefu na upana. Msitegemee hotuba."

Kwenye televisheni watu wakainama kwa kicheko.

"Wanacheka, Mama."

"Huyu bibi harusi nilimtengenezea kabati. Akalirudisha, akasema mlango unalia. Nikaurekebisha. Akalirudisha tena, mlango unalia. Mara ya tatu nikaufungua mlango, nikaufunga, nikasikiliza. Haulii. Kumbe mtu alikuwa anataka nije."

"Anakuonyesha kidole, Mama. Umejifunika uso."

"Nikapiga hesabu, nikaona kubeba kabati kila siku nitavunjika mgongo. Bora nimbebe mwenyewe." Hapo Mama akakohoa, kikohozi kizito cha kiume, na Baba kwenye televisheni akaweka ngumi mdomoni akakohoa naye.

Kikohozi kile kilikuwa cha Baba hasa.

"Sasa ameshusha kipaza sauti," mdogo wangu akasema. "Amekuinamia. Anakwambia kitu sikioni."

Pale ndipo penye hadithi yetu ya siku zote. Tangu tukiwa wadogo tulikuwa tunaulizana Baba alimwambia nini. Hata kaseti haikupanasa. Mdogo wangu ndiye aliyepathamini kuliko wote. Siku ya harusi yake alimwambia Bwana Wingu, "Nami niambie kitu sikioni, kama Baba."

"Mama," akauliza, "alikwambia nini?"

"Aliniambia, viatu vya kaka vinaniua. Hawa watu wanaondoka saa ngapi?"

Tulicheka mpaka tukashikana. Mdogo wangu anacheka na kulia kwa pamoja. Mama naye anacheka, mabega yanaruka.

Bwana Wingu akaona upepo umegeuka, akajichomeka. "Si mnaona? Hakuna kilichopotea. Mama anayo yote kichwani."

Mama akaacha kucheka.

"Maneno ninayo, mwanangu," akamwambia taratibu. "Sauti ndiyo niliyokuwa naifuata pale kwenye deki. Hiyo sina."

Mkono wake ukaenda juu ya meza, ukapapasa, ukakuta ubao.

Shemeji akatoa simu zake mbili, akaziangalia, akazirudisha mfukoni. Nami sikuwa na huruma ya kumpa.

Baadaye aliwaandikia wenye wingu kuomba sauti irudishwe. Akajibiwa na mashine kwamba ombi lake limepokelewa. Mpaka leo limepokelewa.

Mama bado anakaa kwenye kiti kile kila Jumapili. Nimemwekea redio juu ya meza, anaweka mkono wake hapo. Ananiambia haipati moto.

Ndugu msomaji, sikukatazi mtandao, mimi mwenyewe nakuandikia humo. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kitu kinachokaa kwa mwenzio, mwenzio ndiye anayeamua lini kinyamaze. Sauti ya mtu wako iweke mahali unapoweza kupashika kwa mkono. Na akija mjuaji wa kukuhamishia, mwambie akae kwanza, asikilize mpaka mwisho mbele yako, ndipo aulize gari la taka linapita lini.