Bundi wa Stoo ya Mahindi

Mama alisema Jumamosi jirani atakuja na pawa, ule msumeno wa petroli, auangushe mgunga ulio nyuma ya boma letu hapa Gilgil. Bundi wawili wanaolala humo wakijaribu kuruka, wapigwe mawe. Baba alikufa mwaka jana, na bundi alikuwa ameita jioni ya kifo chake. Kwa Mama, kesi ilikuwa imeisha.

Mimi huchora ndege. Ndiyo, ni kazi, msicheke. Nachora unyoya kwa unyoya, kwa sababu watu hawahurumii kitu ambacho hawajawahi kukitazama usoni. Basi wiki hiyo sikutulia hata kidogo. Nilikaa chini ya mti na darubini mpaka shingo ikakakamaa, nikirudi ndani napaka, nafuta, napaka tena. Kila pikipiki ikipita nilidhani ni jirani ameamua kuja mapema.

Nilipomaliza, Mama aliikataa picha. "Unaniletea kifo ukutani?" Kwa hasira nikaiegemeza stoo, juu ya magunia ya mahindi, nikaenda kuoga.

Mara nikasikia, "Shindwe! Shindwe kabisa!"

Nilimkuta Mama akiichapa picha kwa ufagio, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Alidhani bundi ameingia. Haki ya Mungu, nilitaka kucheka na kulia: nilikuwa nimechora vizuri mpaka nimeharibu mambo.

Alipoona haruki, akasogea, akagusa rangi kwa kidole.

"Mbona umempaka pinki kwa macho kama bibi harusi?"

"Sijampamba, Mama. Kope zake ziko hivyo."

"Wacha uongo!"

Nikamshika mkono mpaka chini ya mgunga, naye ananung'unika njia nzima. Nikampa darubini. Bundi mmoja alikuwa anasinzia. Akafumba jicho polepole, ikashuka ile kope ya pinki. Mama akaikaza darubini machoni. Mimi nikageuka kutazama lango, maana ilikuwa Jumamosi, na jirani alishaingia langoni, pawa begani.

"Mathe, tuanze na matawi ama shina?" akauliza.

Mama hakushusha darubini. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Rudi nyumbani," alimwambia. "Mzee wangu ni ugonjwa wa sukari ulimuua, si bundi. Aliniambia miguu inamuuma, nikamwambia hospitali ingoje tumalize kuvuna."