Kichaka cha Dhiren

Watu wa Hounslow, mtaa wao wa London, walimsifu Reshma kwa ukakamavu. Mume kafa Oktoba, jicho kavu. Ukakamavu gani? Mwenyewe alijua ndani hamna kitu, si uchungu wala nafuu. Aliamka, akaoga, akapika, basi.

Alichojali ni kimoja tu, kichaka kilichokuwa ndani ya chungu nje ya mlango wa jikoni. Mumewe Dhiren alikata tawi lake Maskati, walikoishi miaka mingi akitengeneza viyoyozi, akalifunga kwa kitambaa kibichi, akaja kulipanda hapa kwa mkono wake. Kule kilijaa maua ya njano mlangoni, na nje ya geti ni jangwa tupu. Watoto hawakujaliwa. Kikifa hiki, hakuna tena kitu cha Dhiren kinachoishi.

Kila jioni Reshma alikosha mchele, yale maji akakimwagia kichaka, kama Dhiren alivyomzoesha. Kule Maskati maji yalikauka kabla bakuli halijarudi jikoni. Lakini Januari ya London, jamani, hata taulo la ndani halikauki. Mazoea yana taabu. Majani yalipoanza kupukutika, akadhani kina kiu, akaongeza maji.

Jumamosi akaja Mwanabaraka, jirani yake, Mmombasa mwenzake. Akatia kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Shoga, umekizamisha."

"Dhiren alikimwagia kila siku."

"Dhiren alikuwa jangwani. Hapa mvua yenyewe yatosha."

Akakivuta. Kilitoka chote bila ubishi, mizizi myeusi, imelainika kama ndizi iliyooza. Reshma alitazama. Aliyangoja machozi, hayakuja.

"Haya, kitupe," akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate.

Jioni akakosha mchele, akatoka na bakuli la maji. Mbele yake chungu kitupu. Alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi, kisha akarudi ndani na maji yake, akayamwaga kwenye sinki.

Mchele ulikuwa kwenye sufuria, vikombe viwili. Aliutazama kwa muda. Tangu Oktoba alikuwa akipika wa watu wawili, na kila asubuhi akitupa nusu, wala hakuwahi kujiuliza ni ya nani.

Akampigia Mwanabaraka simu.

"Umeshakula?"

"Bado. Kwani vipi?"

"Njoo ule," akasema Reshma, na hapo sauti ikamkatika. "Nimempikia Dhiren tena."