Nerina na Karatasi ya Fundi Quinto

Saa tatu na robo asubuhi, Nerina Bacchiorri anachovya brashi kwenye ndoo ya gundi ya unga. Anaipaka ubaoni kushoto, kulia, kisha katikati, na kubandika tangazo la kifo la fundi viatu Quinto Sabbatelli kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.

Hajamaliza kulilainisha kwa kiganja, mtu anamgusa bega ili apishe.

Ni mume na mke, watalii, wote wawili na kofia za majani zilizonunuliwa duka moja. Mume anaonyesha kisima kilicho hatua nne kutoka kwenye ubao, anaonyesha simu yake, halafu anapepea mkono kama anayefukuza kuku. Anataka picha ya kisima isiyo na mwanamke mwenye ndoo.

"Sisogei," anasema Nerina. "Uko likizo wewe, una miguu na siku nzima. Zunguka."

Maneno hawayaelewi. Uso wanauelewa. Wanazunguka.

Nerina ana miaka sitini na mmoja, na kwa miaka ishirini na sita ndiye mbandikaji wa matangazo katika mji wa Monteruvo. Halmashauri inamlipa euro mia sita na arobaini kwa mwezi. Kwa fedha hizo anabandika matangazo, anafagia maegesho ya magari nje ya ukuta unaozunguka mji, na kufuta mbao zote mbili kila Jumamosi.

Leo si siku yake ya kazi. Amekuja na kiti cha plastiki, mkate wenye jibini ya kondoo na chupa ya maji. Anakiweka kiti chini ya ubao, anakaa, anakunja mikono. Hataondoka mpaka ikaribie saa kumi na moja jioni, itakapoanza misa ya kumwombea Quinto siku ya thelathini tangu afe.

"Safari hii watanibandua mimi kwanza," anasema.

Mwezi uliopita alilibandika tangazo la kwanza saa nne asubuhi, akabeba ndoo yake kwenda kufagia maegesho. Gundi ya unga huchukua saa nzima kukauka. Kabla haijakauka, mtu aliyekuwa akizurura na aiskrimu yake aliona karatasi nzuri yenye ukingo mweusi na herufi kubwa za kizamani, akaibandua taratibu kwa pembe, akaikunja, akaenda nayo.

Monteruvo watu hawapigiani simu kuambiana nani amekufa. Simu ni ya ndugu wa damu. Wengine wote husoma ukutani. Unapita Uwanja wa Kisima kununua sigara, unatazama ubao, unaona jina, unaligusa kwa vidole viwili, unarudi nyumbani kupiga pasi shati jeusi. Kumwambia mtu kwa mdomo kwamba fulani amekufa ni kama kumtupia kifo mlangoni. Hakuna anayefanya hivyo.

Kwa hiyo karatasi ilipoondoka, habari iliondoka nayo.

Kesho yake Quinto alizikwa na watu saba. Saba hao ni pamoja na padri, ambaye alikuwa na haraka kwa sababu ana parokia tano. Huyu ni fundi aliyeshona soli za mji mzima kwa miaka hamsini na tatu. Hata viatu alivyovaa Nerina leo ni mkono wake.

"Nilifika kanisani nikaona viti vitupu, nikadhani nimekosea saa," Nerina anasimulia. "Nikatoka mbio mpaka hapa. Ubao mweupe! Gundi yangu inang'aa tu, hakuna kitu. Nilitukana matusi ambayo sikujua ninayajua."

Anajilaumu. Angengoja ile saa nzima gundi ikauke. Lakini tangu lini tangazo la maiti likawekewa mlinzi?

Wiki moja baadaye mwenye nyumba mmoja wa kupangisha wageni alipata ujumbe wa shukrani kutoka kwa wapangaji wake waliokwisha kurudi kwao. Walituma na picha ya jikoni mwao. Juu ya mashine ya kahawa, ndani ya fremu na kioo, alikuwa amening'inia Quinto Sabbatelli, fundi viatu, miaka themanini na minne.

"Wanakunywa kahawa chini ya maiti wetu," anasema Nerina. "Wala hawajui kama ni maiti. Wamependa herufi!"

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko wizi wenyewe. Wenyeji walipong'amua kwamba Quinto keshazikwa, waliona aibu. Kwao, mkono wa pole ukichelewa ni heri usitolewe. Wakaanza kumkwepa mjane wake, Ersilia. Wakimwona anatoka kwa muuza mboga, wanageukia kichochoro kingine. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyekosa mazishi.

Ersilia, ambaye hakuambiwa lolote juu ya karatasi, alihesabu migongo. Siku ya kumi alimwuliza Nerina swali moja: "Hebu niambie mwenzangu, Quinto aliwakosea nini watu hawa?"

Nerina alimweleza habari ya karatasi. Ersilia hakuamini. Nani aibe tangazo la kifo? Aliona anafarijiwa kwa uongo, akafunga mlango.

Ndiyo sababu ya kiti cha plastiki. Tangazo hili la siku ya thelathini ndilo linalowapa watu ruhusa ya kufika bila kujieleza. Likipotea nalo, Ersilia ataingia kaburini akiamini mumewe alichukiwa.

Saa tano uwanja umejaa watalii. Watu wanatembea kwa mwendo wa bata, wanapapasa mawe ya ukuta, wanachungulia madirisha ya wenyewe. Mmoja anafungua mlango wa nyumba ya Bi Ines, mkabala na kisima, anaingiza kichwa, anashangaa kukuta kuna mtu anamenya viazi.

"Karibu, umenye na wewe!" Bi Ines anamfokea, na kichwa kinatoka.

Bi Ines anavua aproni na kuvuka uwanja. Ana miaka sabini na saba. Anasimama mbele ya ubao, anasoma, anagusa jina kwa vidole viwili.

"Saa kumi na moja?"

"Saa kumi na moja."

"Nitakuja. Ersilia atanitazamaje, shoga yangu?"

"Atakutazama kwa macho. Njoo."

Mpaka saa sita Nerina amehesabu watu kumi na tisa walioligusa jina. Katikati ya hao amefukuza kijana aliyetaka kuegemea ubao avute sigara, akamzuia mama mmoja asining'inize mkoba wake kwenye msumari, na amepigwa picha, kwa hesabu yake, mara thelathini.

"Acha wanipige. Nimewakunjia uso kwenye zote."

Delio, mwenye mkahawa wa pembeni, anamletea kahawa.

"Shangazi, wateja wangu wanauliza wewe ni sehemu ya maonyesho?"

"Waambie ndiyo. Kiingilio ni adabu."

"Basi utafunga bila mteja."

Saa sita na nusu anafika mtu ambaye Nerina alikuwa akimngoja. Mirko, diwani anayeshughulikia utalii, ana miaka thelathini na minne, shati jeupe na funguo nyingi. Ni mtoto wa Bi Ines.

Mirko ndiye aliyepeleka hoja ya kuondoa ubao huu. Jumatatu utang'olewa. Matangazo ya vifo yatabaki ubao wa pili, ule wa nje ya ukuta, kwenye maegesho, karibu na mapipa ya takataka.

"Shangazi Nerina, kiti hiki hakina kibali hapa," anaanza.

"Kibali cha kukaa! Wale wanaokula piza juu ya ngazi za kanisa wana kibali gani?"

"Wale ni wageni."

"Na mimi ni nani? Panya?"

Mirko anashusha sauti. Anaeleza kwamba kisima ndicho kinachopigwa picha kuliko kitu chochote mjini, na kila picha ina majina ya marehemu pembeni. "Watu wako likizo, shangazi. Hawapendi kuona kifo."

"Sisi ndio tunaokipenda, siyo? Tunakifuga?"

"Sijasema hivyo. Lakini huu mji unakula kwa nani? Kwa wageni."

"Uliza unamla nani, mwanangu! Mkate nanunua nje ya ukuta, duka la mkate sasa linauza sumaku za friji kwa watalii. Duka la misumari sasa ni la aiskrimu. Karakana ya Quinto ameshakuja mtu kuipima, anataka kuweka kitanda cha wageni. Ndani ya ukuta tumebaki watu mia na arobaini. Mnasubiri tufe wote, na mnataka tufe bila kubandikwa!"

Watu mikahawani wamegeuka kutazama. Vijiko vimesimama.

"Tangazo la babu yako nililibandika hapa hapa," Nerina anaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Ulinyanyuliwa juu ukaligusa, ulikuwa hufiki. Mazishi yale watu walisimama mpaka nje. Umesahau?"

Mirko anautazama ubao. Anasema azimio limeshapita kwa kura na yeye hawezi kulirudisha. Anaondoka na funguo zake. Hajagusa jina.

"Ana kichwa kizuri yule mtoto," Nerina anasema akimega mkate. "Shida ni kwamba amekipangisha."

Alasiri, jua linapohamia upande wa pili wa uwanja, wale wa kofia za majani wanarudi. Wamezunguka kutwa nzima. Wameona mnara, wameona ukuta, wamekula, wamelala kwenye nyasi, sasa hawana la kufanya. Mume anaielekeza simu yake kwenye tangazo, anaongea nayo, na simu inatafsiri na kumtamkia Nerina swali kwa sauti ya msichana mpole: tamasha hili linaanza saa ngapi?

Nerina anapangusa makombo ya mkate mapajani.

"Saa kumi na moja," anajibu. "Kuna kinanda. Mwimbaji mkuu hatatokea."

Saa kumi na nusu anasimama. Karatasi ilikauka tangu asubuhi, sasa imeshikana na ubao kama ngozi. Anakunja kiti, anapitia nyumbani kuvaa sketi nyeusi, kisha anakwenda kumchukua Ersilia.

Ersilia hataki. Amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni.

"Nikahesabu tena watu saba? Mara moja inatosha."

"Wakiwa saba tena, nakunywa ndoo ya gundi mbele yako. Vaa kiatu."

Kanisa la Monteruvo lina viti vya watu themanini. Milango inapofunguliwa, Ersilia anasimama kizingitini na kumshika Nerina mkono kwa nguvu mpaka pete inamuumiza. Mabenchi yamejaa. Yupo Delio, ameacha mkahawa mikononi mwa mkewe saa ya mauzo. Yupo muuza mboga. Wapo wa mashambani waliopita asubuhi kununua dawa wakaliona jina. Bi Ines yuko mbele kabisa, na amevaa viatu ambavyo Quinto alivibadilisha kisigino Januari. Wengi wamevaa vya Quinto. Ukitazama chini unamwona.

Baada ya misa wanapanga foleni. Hakuna anayeeleza alikuwa wapi siku ya mazishi. Kila mmoja anashika mkono, anasema "pole, Ersilia", anapita. Muuza mboga peke yake ndiye anayeshindwa kujizuia.

"Hatukuliona, Ersilia. Haki ya Mungu hatukuliona. Karatasi haikuwepo."

Ersilia anageuka kumtazama Nerina.

"Kumbe kweli waliiba?"

"Iko jikoni mwa watu. Ndani ya fremu."

"Washenzi," anasema Ersilia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi analia.

Mwisho kabisa wa foleni wanasimama mume na mke. Kofia wamezivua, wamezishika kifuani. Mwanamke ameshaelewa kwamba hili si tamasha. Macho yake mekundu. Ersilia anawapa mkono kama alivyowapa wengine. Aliyefika amefika.

Je, hilo limempoza Nerina? Hata kidogo.

"Wale wawili wamekuja kwa kukosea, wakajua kuvua kofia. Diwani wangu anajua kila kitu, hakuja."

Nje, mwanga bado upo. Nerina anapita Uwanja wa Kisima kuchukua ndoo na brashi alivyoviacha kwa Delio. Jumatatu ubao utang'olewa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeagizwa kushika bisibisi. Atashika. Anahitaji huo mshahara kwa miaka mingine sita kabla ya pensheni.

Lakini anatoa karatasi ndani ya mkoba, imekunjwa mara nne. Kwa wiki tatu amekuwa akizunguka baada ya kazi, mlango kwa mlango, nyumba ambamo bado wanalala wenyeji. Halmashauri ina mamlaka juu ya kuta za mji na mbao zake. Mlango wa mtu ni wa mtu. Kila aliyetia sahihi amekubali kwamba, akifa yeyote katika Monteruvo, tangazo libandikwe kwenye mlango wake, nje, usawa wa macho, likae siku tatu. Sahihi ni arobaini na moja. Anataka zifike sitini kabla ya majira ya baridi.

"Waliona ubao mmoja umezidi," anasema akiikunja tena karatasi. "Sasa nitapaka gundi milango arobaini na moja, na kila mlango una mtu ndani anayemenya viazi. Aje mtu abandue aone."

Na ataanza na upi?

Nerina ananyoosha brashi kuelekea upande wa pili wa uwanja, mkabala na kisima, kwenye mlango wa kijani wa Bi Ines, mama yake Mirko. Sahihi yake ndiyo ya kwanza kwenye orodha.

"Ule pale. Hautakosekana kwenye picha hata moja."