Mwanangu Aliponiondolea Ngazi

Kalamu si kazi yangu mimi Gunnvor, lakini haya nitayaandika mwenyewe, maana mwanangu Torleiv akiyasimulia atajipendelea.

Nilipoolewa kwenye hili shamba la mlimani, nilimwambia Mons mume wangu: nakaa msimu mmoja wa baridi, kisha tunashuka mjini. Mama yake akanipa mundu, akanipeleka kwenye miti yao ya aski, ile ambayo kondoo hupenda majani yake. Kati ya miti kuna viazi, pembeni nyasi za kondoo, na matawi ya juu hukatwa, majani yake yakakaushwa, kondoo wayale wakati wa theluji.

"Mti ukishakatwa kichwa," akasema, "sharti uukate tena kila baada ya miaka michache. Ukiuacha, matawi yanakuwa mazito, na shina ni tupu ndani. Linapasuka. Ulidhani umeolewa na Mons peke yake?"

Nikacheka. Mons amekufa, mama yake amekufa, mimi bado nakata.

Agosti hii mwanangu Torleiv alikuja kunichukua. Amenitafutia chumba mjini, dirisha linatazama magari yaliyoegeshwa. Nikamwambia kahawa iko jikoni, nikapanda mti kwa ngazi. Niko juu, nasikia kitu kinakwaruza. Kutazama, ngazi imelazwa kwenye nyasi.

"We mtoto! Rudisha ngazi!"

"Sema kwanza utahama, mama. Na goti hilo, siku moja nitakuokota hapo chini kama tufaha."

"Nisiposema?"

"Utalala na kunguru."

"Kunguru wana adabu kukushinda."

Akakaa juu ya ukuta wa mawe, anakunywa kahawa yangu. Kushuka siwezi, kukaa bure sijui. Nikaendelea kukata. Matawi yakamwangukia miguuni, kondoo wakaja wakaanza kula akiba ya baridi, na ng'ambo ya ziwa lililo bondeni mvua ilikuwa inakuja.

"Funga matita, majani yataloa!"

"Kwani kondoo ni wangu?"

"Basi waache wale. Januari utawaletea mikate ya mjini."

Akatukana kidogo, akavua koti. Alifunga kama baba yake, goti juu ya tita, meno yameuma kamba. Mvua ilipofika, matita yote yalikuwa ghalani. Akaja akaegesha ngazi. Kuhama sikusema, na yeye hakuuliza.

Nilipokanyaga chini alikuwa kwenye aski wa pili, ule mkubwa, ametia kiganja kwenye ufa wa shina.

"Huu unakatwa lini?"

Miaka yote nimelingoja swali hilo. Nilipolisikia, moyo haukuruka kwa furaha. Kule mjini ana mke asiyependa milima, ana kazi, ana maisha yake.

"Mwakani," nikasema. "Ukichelewa utapasuka."

"Haya, mwakani."

Akauchukua mundu wangu, akaupima uzito mkononi, kama nilivyoupima mimi siku ile niliyopewa na bibi yake. Nilitaka kumwambia auweke chini. Nikaingia ndani kuchemsha kahawa nyingine.