Wimbo wa Mpiga Chapa na Stensili ya Mwisho

Wewe unayeandika kwa vidole gumba viwili kwenye simu, nisikilize kidogo. Nataka nikueleze tulivyoandika sisi, na jinsi wimbo mmoja wa redio ulivyonipeleka kwenye kazi hiyo.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani Mfaranyaki, hapo mjini Songea, kwa miguu, nimevaa viatu vya kisigino vya dada yangu, vimenizidi namba moja. Wazo la viatu lilitoka kwenye wimbo. Utotoni, redio ya baba ilipiga wimbo wa dansi wa taratibu kuhusu binti mpiga chapa: anaingia ofisini kwa visigino, anakunywa chai kwa kikombe na kisosi, anagonga mashine huku akitazama dirishani. Mimi na mdogo wangu tulipanga magunzi ya mahindi kwenye ubao, tukayagonga kwa mapigo yale. Utu uzima, kwangu, ulikuwa ni kisosi.

Ofisi ilikuwa ya mnunuzi binafsi wa mazao. Biashara ya mazao ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na wanunuzi wapya waligombea korosho za Tunduru. Meneja alinipa miezi mitatu ya majaribio chini ya Mpiga Chapa Mkuu, tuliyemwita Mama Mkuu, kama masista wanavyomwita mkubwa wao. Chai tulikunywa kwenye vikombe vya bati.

Wiki ya tatu Meneja alileta tangazo la siku za kununua korosho Nalasi, kijiji cha huko Tunduru. Nakala arobaini zilitakiwa kufika kwenye ofisi ya basi kabla ya saa kumi na moja jioni. Zikichelewa, wakulima wangewauzia wengine. Na mimi, alisema Meneja kwa upole kabisa, ningerudi Mfaranyaki nikapumzike.

Nakala nyingi tulizitoa kwa stensili, yaani karatasi laini yenye nta. Herufi za mashine huikata, kisha wino wa mashine ya kurudufu hupita kwenye alama hizo. Ili zikate, lazima kwanza uondoe utepe wa wino njiani. Kuna kitufe chake pembeni. Mimi niligonga ukurasa mzima nikitazama dirishani, utepe ukiwa mahali pake. Stensili ilipendeza, herufi nyeusi tii. Tarishi wa ofisi alipozungusha mpini wa mashine ya kurudufu, karatasi ya kwanza ikatoka nyeupe pe. Ya pili vilevile. Akaniuliza kama wakulima watapelekewa na penseli, wajaze wenyewe.

Ilikuwa saa tisa alasiri, na stensili ilibaki moja. Ukigonga kwa nguvu, herufi o inatoboka na kuacha tundu. Ukigonga kwa woga, haikati. Nilimwomba Mama Mkuu anipigie yeye. Akakataa, akaniuliza nilikuwa natazama nini dirishani. Nikamweleza habari za wimbo, kwa aibu. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Huyo binti hajawahi kukata stensili, mwanangu," alisema. "Lakini wimbo wenyewe naujua. Mapigo yake ni ya sawasawa. Vua hivyo viatu, tazama karatasi, uimbe."

Niliimba kwa sauti ndogo, herufi moja kwa pigo moja. Mama Mkuu akashika kiitikio. Tarishi naye akaingia, maneno hayajui, akaimba tu. Meneja alipofungua mlango kuuliza kuna harusi gani, nilikuwa mstari wa mwisho. Aliinua stensili kwenye mwanga wa dirisha. Kila herufi ilikuwa imekata.

"Rudufu," alisema, akaondoka akiimba puani.

Tangazo liliwahi basi. Nilithibitishwa kazini, nikagonga mashine miaka mingi, Songea na kisha Tunduru, chini ya mameneja watatu. Kompyuta zilipokuja nikazigonga pia, na nilistaafu nikiwa Mpiga Chapa Mkuu.

Wanangu huniuliza kama wimbo ule ulinidanganya. Kuhusu viatu, ndiyo. Malengelenge yake nayakumbuka. Lakini bila wimbo nisingeitafuta kazi ile, na ningekosa kicheko cha mchana ule.

Basi leo muulize mtoto wa nyumbani kwako anapenda wimbo gani, na ndani yake anajiona akifanya nini. Mwache amalize kueleza kabla hujamsahihisha.